Uzoefu wangu Bagamoyo: mbuyu wenye mnyororo, na kiti alichonyanyuliwa mama yangu

Mama yangu aliitikia "Marahaba, mwanangu" kwa mtu ambaye hakumwamkia. Naanzia hapo hapo, maana nikianza na uzuri wa safari nitapoa kabla sijasema kilichoniumiza, na sitaki kupoa. Kijana amesimama mbele ya mwanamke wa miaka sabini na kitu, anazungusha funguo kidoleni, hana shikamoo wala habari za saa hizi, na mama kwa mazoea ya maisha yake yote akadhani shikamoo imetolewa ila masikio yake ndiyo hayakuisikia. Akaitikia. Yule kijana akamjibu, "Bibi, inuka hapo, unalowesha mto wa kiti."

Zimepita wiki kadhaa na nikiikumbuka ile sauti kifua bado kinabana. Ilikuwa ufukweni Bagamoyo, sehemu moja ya kula na kupumzika. Jina nalihifadhi kwa sababu mama mwenyewe ameniomba nisiwaharibie watu riziki. Ningekuwa najisikiliza mimi, ningelitaja na picha ningeweka.

Jioni ile ile kwenye gari nilishaandika ushauri wangu kwenye simu, maneno mawili tu: msiende Bagamoyo. Nikaufuta. Nikauandika tena usiku, nikaufuta tena asubuhi. Ngoja nieleze kilichonishinda.

Mama anaishi kijijini, Mpwapwa. Miaka yote nikimwita Dar alikuwa na sababu: mvua zimeanza, mavuno hayajaingia ndani, mbuzi hawana mtu, jirani kafiwa. Safari hii alikubali. Alipanda treni ya umeme Dodoma, akashuka Dar hajachoka hata kidogo, na kabla hajavua kilemba akasema bahari ameisikia kwenye redio vya kutosha, sasa anataka kuiona kwa macho. Hajawahi kuiona. Kazaliwa nchi hii, kazeeka nchi hii, kasomesha watoto watano kwa karanga na alizeti, na bahari hajawahi kuiona. Nilipolisikia hilo neno nilijisikia vibaya, nikamwambia baba watoto tusimpeleke ufukwe wa Coco hapa Dar tu akala mihogo akarudi. Twende Bagamoyo, maana kule kuna bahari na kuna mbuyu, na mtu wa Ugogo ukimwonyesha mbuyu popote duniani anajua hayuko ugenini.

Basi Jumamosi moja tukaazima Noah ya shemeji yangu. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Kiromo, mama kakaa mbele na hotpoti la maandazi mapajani, kila kibao cha njiani anawaambia watoto wamsomee. Njia ilikuwa nzuri. Sina la kulalamika hapo.

Mbuyu ninaousema uko kwenye eneo la misheni ya Kikatoliki, ile iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868. Unaingilia kwenye njia yenye miembe huku na huku, miembe mikubwa ya zamani, kivuli chake kinakupoza hata kabla hujafika. Inasimuliwa kwamba mbuyu huo waliupanda wao mapadri, miaka hiyo hiyo ya mwanzo. Sasa hivi ni pandikizi la mti. Watoto wangu watatu na baba yao waliunganisha mikono wauzunguke, wakaishia njiani.

Mama hakuukimbilia. Alisimama mbali kidogo, akaangalia juu kwenye matawi, akaangalia chini kwenye shina, ndipo akausogelea na kuuzunguka wote taratibu, mkono mmoja ukipapasa ganda kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Alipomaliza mzunguko akausalimia. "Mbukwa." Salamu yetu ya Kigogo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama amekutana na mtu wa kwao stendi ya mabasi. Kisha akageuka kwetu akasema, "Huu bado mtoto."

Kaka aliyekuwa akituongoza alicheka, akasema mama, huu una zaidi ya miaka 150. Mama akamwambia kwao ipo ambayo bibi yake aliikuta imeshazeeka, ndani ina uwazi, mbuzi wanajikinga mvua humo. Wakaanza kubishana kwa furaha, yule kaka na mama yangu, na mimi nimesimama pembeni machozi yananilengalenga kwa sababu sijawahi kumwona mama anabishana na mtu wa mjini kwa uhuru namna ile. Huyo kaka, na hili nalisema kwa herufi kubwa, kitu cha kwanza alichotamka alipotuona ni "Shikamoo mama". Cha pili, alipoona mama anajishika goti, aliingia ndani akatoka na kiti cha plastiki, akakifuta kwa kiganja chake, akakiweka kivulini. Hatukuomba. Kiti cha plastiki cha kawaida, mguu mmoja umeungwa kwa waya.

Sasa mnyororo. Chini kwenye shina kuna kipande cha mnyororo kinatoka ndani ya mti. Haujafungwa kwenye mti, hapana, unatoka ndani ya nyama ya mti. Pete chache tu zinaning'inia nje, zimeliwa na kutu, na pale zinapoingilia ganda limevimba kuzizunguka kama mdomo uliobana kitu. Ukiugusa uko imara, hauchezi. Mwanangu mkubwa alinyamaza muda mrefu kisha akauliza, "Hapa ndipo walipokuwa wanafungwa watumwa?"

Nami nilijua hivyo. Nilishakuja hapa nikiwa shule, nikaondoka na imani hiyo hiyo. Na nani asiamini? Bagamoyo ndiyo mji ambao misafara ya kutoka Tabora na Ujiji ilikuwa inamalizia, meno ya tembo yamebebwa na watu, na watu wenyewe wengi wakiuzwa ng'ambo Unguja. Ukiona mnyororo kwenye mji huo, akili inakwenda huko huko. Yule kaka akatueleza polepole kwamba mnyororo huu ni wa punda. Kulikuwa na mama Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa hapo misheni, na inasimuliwa kwamba mnamo 1895 alizungusha mnyororo kwenye mbuyu, wakati huo ukiwa bado mwembamba, awe anamfunga punda wake. Punda akafa, mama yule akafa, mnyororo hakuna aliyeufungua. Mti ukaendelea kunenepa. Na watumwa? Akasema hapa hapa misheni mapadri walikuwa wakiwahifadhi waliokombolewa, walikuwa na kijiji chao kabisa. Mwanangu akauangalia tena ule mnyororo, nikaona uso wake umelegea. Wa punda tu.

Mama alisikiliza yote, akaongeza lake. Alisema mti mwingine ukiuchuna ganda kuuzunguka shina unakufa, lakini mbuyu wao wanauchuna kwa ajili ya kamba na unajifunika upya. Kwa hiyo kilichotokea hapo yeye hakimshangazi, mti umeona kidonda umekifunika, na kilichokuwa kwenye kidonda kimebaki ndani. Alisema na nyumbani kuna mbuyu babu yangu alipigilia msumari mrefu wa kuanikia nyama, leo hakuna anayejua msumari uko upande gani. Kisha akawaambia wajukuu kuhusu maua, kwamba hufunguka jioni, usiku popo ndio wanayatembelea, na kesho yake yameshaanguka chini. Wanangu wanaujua ubuyu mwekundu wa pakiti, wenye sukari na pilipili. Siku hiyo walilamba ule mweupe, kwenye tunda lililoanguka ambalo mama aliomba ruhusa kabla ya kulivunja. Yule mdogo alikunja uso kwa ukali wake, akaomba tena.

Tulionyeshwa pia mnara ambamo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mzungu, uliwekwa Februari 1874 kabla ya kupelekwa Unguja. Watoto wameshasoma habari zake darasani, walipita haraka. Mama ndiye aliyeganda. Akauliza, walimbeba kwa mguu? Kutoka wapi? Akaambiwa Chitambo, ambako leo ni Zambia, kina Chuma na Susi, watumishi wake, na wenzao, karibu miezi tisa njiani na maiti mabegani. Akatikisa kichwa. "Na hao waliombeba, wao wamelala wapi?" Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Ningeishia hapo ningewapa nyota zote tano na moja ya nyongeza. Tungekula maandazi yetu chini ya miembe tukarudi. Lakini bahari ndiyo iliyomleta.

Tulifika ufukweni mchana, maji yakiwa yamekupwa. Wanaoijua Bagamoyo wanajua pakikupwa panavyokuwa: bahari inarudi mbali kabisa, inaacha mchanga wa tope unaong'aa, majahazi yamelala ubavu, na wewe uliyetegemea mawimbi unaona mstari mweupe kule mbele. Mama akauliza, "Imeenda wapi?" Baba watoto akamwambia itarudi, mama, tusubiri kidogo. Akashika kanga yake, akavua ndala, akazishika mkononi, akaingia kwenye lile tope na wajukuu wawili. Walikwenda mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Nikamwona anainama, anachovya kidole, anaonja. Akatucheka kwa mbali, akapaza sauti, "Kweli chumvi!"

Huku nyuma sisi tulishaingia kwenye ile sehemu. Tuliuliza mlangoni tunaweza kukaa, binti mmoja akasema karibuni, hana kosa huyo. Tukaagiza soda, sahani tatu za chipsi na samaki mmoja mkubwa wa kukaanga. Tukangoja saa nzima na zaidi. Samaki akaja amekauka.

Mama aliporudi kutoka majini alikuwa amechoka. Pindo la kanga limelowa, miguu ina mchanga. Karibu na maji palikuwa na viti vinne vile virefu vya kujinyoosha, vina mito ya bluu, vyote vitupu tangu tumefika. Akakaa kwenye cha kwanza. Hakujinyoosha hata. Alikaa ukingoni, mgongo umenyooka, ndala zake kaziweka chini pamoja, zimepangwa, kama anavyokaa kwenye kochi la watu asiowajua. Alikuwa anaangalia bahari inarudi.

Ndipo akaja yule kijana. Mimi nilikuwa natoka kunawa, niliyasikia yote nikiwa kama hatua kumi. "Nani kamkalisha huyu bibi hapa?" Hakumwuliza mama, alikuwa anamwuliza mwenzake wa jikoni kwa sauti, juu ya kichwa cha mama. Kisha akasimama mbele yake, mama akaitikia ile marahaba yake, na kijana akasema hayo niliyoyaeleza. Akaongeza, "Hivi viti ni vya wageni." Kabla mama hajasimama sawasawa, alishashika pembe ya ule mto anauvuta.

Nataka mnielewe. Mto ulivutwa mama bado nusu yake iko juu yake. Alijishikilia kwenye bega la mwanangu wa miaka minane. Na neno alilosema mama yangu, akiwa amesimama peku kwenye mchanga wa moto, ndala ziko mkononi, lilikuwa "Samahani, mwanangu. Sikujua."

Mama ndiye aliyeomba samahani!

Wageni. Mtu katoka Mpwapwa, kapanda treni, kapanda gari, mara ya kwanza katika maisha yake kuiona bahari ya nchi yake, na wewe unamwambia viti ni vya wageni. Yeye ni nani kama si mgeni? Nilimwuliza hivyo hivyo. Akaniambia, "Dada, huu ni utaratibu." Nikasema nionyeshe ulipoandikwa huo utaratibu. Hakuna palipoandikwa. Nikasema niitie bosi wako. Bosi hayupo. Nikamwambia basi mwamkie kwanza huyu mama, hayo ya viti tutazungumza baadaye. Akaniangalia, akaondoka na mto wake kwapani.

Bili ilipokuja ilikuwa na shilingi elfu kumi ya kufulia mto. Nilikataa. Baba watoto akalipa. Nimemkasirikia kwa hilo na yeye anajua, tumeshasemezana. Yeye anasema hakutaka mama aone tunagombana kwa sababu yake, siku yake iishe vibaya zaidi. Kuna saa namwelewa. Saa nyingine nawaza ile elfu kumi iliyoingia mfukoni mwa mtu baada ya kumnyanyua mama yangu, na nashindwa kula.

Na kuhusu samaki nirekebishe, maana sitaki kumwonea mpishi. Nimesema alikauka. Watoto walimmaliza wote na kunyonya miiba, baba yao anasema alikuwa mtamu. Inawezekana. Mimi nilimla baada ya yale kutokea, na wakati huo hata asali ingekuwa chungu.

Nilitaka tuondoke palepale turudi Dar. Mama akakataa. Akasema hajachukua maji. Alikuja na chupa yake ya lita moja na nusu kutoka nyumbani, imeoshwa, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu majirani walishamwambia maji ya bahari ni dawa ya miguu na asirudi bila hayo. Tukatembea kandokando ya maji mpaka upande wanapoegesha wavuvi. Bahari ilikuwa imeshajaa, majahazi yamesimama wima. Vijana walikuwa wanashusha vikapu, wengine wa umri ule ule wa yule wa funguo, wengine wadogo zaidi. "Shikamoo bibi." "Shikamoo mama." Zilitoka kila upande, mpaka mama akawa anaitikia kwa mpigo. Mmoja akatandika gunia kavu kwenye ukingo wa ngalawa akamwambia akae. Mama akasema, "Nimelowa, mwanangu, nitaliloanisha." Akamcheka. "Bibi, sisi hapa nani mkavu?" Akachukua chupa, akasema ya hapa ufukweni yana taka, akaingia mpaka maji ya kifua, akaijaza kule, akarudi nayo ameishika juu. Hakutaka pesa. Mama akampa maandazi mawili.

Kwa hiyo niseme nini? Nikisema msiende, nimewaonea yule kaka wa misheni na hao wavuvi, na nimewanyima watoto wenu ule mnyororo. Nikisema nendeni, kuna mama wa mtu atakaa kwenye kile kiti. Nadhani nasema nendeni. Nendeni kwenye mbuyu, mchukue muda, msikimbilie picha. Pia magofu ya Kaole yako karibu kwa gari, nako kuna mbuyu mkongwe ambao wanasema ukiuzunguka unaongeza siku za kuishi. Sisi hatukufika, jua lilishatushinda na moyo wangu ulikuwa umechafuka. Ufukweni tembeeni mpaka kwa wavuvi. Sehemu ya kula ulizeni kwanza kila kitu, kiti, mto, kivuli, hata choo, na kama una mzee usimwache peke yake hata dakika moja kama nilivyomwacha mimi nikanawe mikono. Hilo silisamehe kwa upande wangu pia.

Nyota? Nilishaweka moja. Nikaweka nne. Sasa hivi nimeacha tatu, na nikisikia tena ile "inuka hapo" kichwani nitashusha.

Mama amesharudi Mpwapwa. Chupa ameiweka chini ya kitanda, anapaka magoti jioni, anasema yanaitikia. Jana alinipigia. Nilidhani anataka kuniuliza kama nimeshaandika, akanikanye. Alikuwa anauliza ule mnyororo ulibaki pete ngapi nje, kwamba alizihesabu na sasa amesahau, na mti ule bado unakua. Nikamwambia tutakwenda tukahesabu tena. Akasema sawa, mavuno yakiingia ndani anakuja, ila safari hii atabeba kigoda chake mwenyewe, kile cha jikoni.